Miti Myeupe ya Kaloleni

Jani bichi hurudisha mwanga ambao hakuna binadamu aliyewahi kuuona kwa macho yake. Jua linapolipiga, humeza mwanga mwekundu na wa buluu ili lijitengenezee chakula, kisha hutuachia kijani kidogo, na hicho kidogo ndicho tunachokijua. Lakini mwanga unaofuata baada ya mwekundu, ule unaoanzia karibu na nanomita 700 ambako jicho letu hukomea, jani halina haja nao. Huingia ndani, ukazunguka kati ya vijichumba na nafasi za hewa, na karibu nusu yake hutoka tena. Mwembe uliosimama uani mtaani Maringo, Nairobi, saa nne asubuhi unamwaga mwanga huo wa infraredi bila kukoma, nasi tunapita chini yake tukiuhesabu kuwa kivuli cha kupumzikia tu.

Wapo mafundi waliojifunza kuunasa mwanga huo kwa filamu, tena kwa kamera kubwa za ubao zinazobebwa begani pamoja na stendi yake ya miguu mitatu. Nimezifuatilia kazi zao kwa muda mrefu, nami pia huishika kamera ya aina hiyo hapa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Katika kazi zote za kupiga picha sijaona inayodai subira kuliko hii. Fundi hupanga kila kitu kwa makini ya mtu anayeona, halafu dakika ya mwisho hujifunga macho kwa hiari yake.

Mwanafizikia Mmarekani Robert W. Wood ndiye aliyechapisha picha za kwanza za namna hii, mwaka 1910. Watu wa wakati wake walistaajabia majani meupe pe chini ya anga nyeusi. Wanajeshi walikuja kuliona jambo hilo kwa jicho lao. Rangi ya kijani iliyopakwa juu ya kifaru wakati huo ililidanganya jicho, lakini haikuurudisha mwanga wa infraredi kama lifanyavyo jani lililo hai. Basi kwenye Vita vya Pili vya Dunia kampuni ya Kodak ikatengeneza filamu ya rangi iliyokusudiwa kumfichua adui aliyejificha msituni. Mrithi wake aliitwa Aerochrome. Baada ya vita, wataalamu wa misitu na wachoraji ramani nao waliitumia wakiwa ndani ya ndege, kwa kuwa mti unaougua huonekana tofauti na mti mzima. Hata leo, ukiingia kwenye kituo cha kikanda cha ramani za rasilimali kilichoko Kasarani, RCMRD, kilichoanzishwa mwaka 1975, utaonyeshwa picha za setilaiti ambamo misitu yetu ni myekundu. Siri ni ile ile ya jani, isipokuwa sasa inasomwa kutoka angani.

Mimi moyo wangu uko kwa wale wanaoisoma wakiwa wamesimama chini.

Kamera yenyewe ni sanduku linalokunjwa. Mbele kuna ubao unaoshika lenzi, nyuma kuna kioo chenye ukungu, na katikati kuna mvukuto wa ngozi au kitambaa unaovutwa na kurudishwa. Haina betri wala skrini. Ile ninayoiita ndogo hupokea filamu ya inchi 4 kwa 5. Ile kubwa hasa ni ya inchi 8 kwa 10, na kipande kimoja cha filamu yake kinatosha kufunika ukurasa mzima wa daftari. Filamu hizo haziji zimeviringishwa. Huja kipande kimoja kimoja, na kila kipande hupakiwa ndani ya kasha bapa kwenye giza totoro. Kasha moja hubeba vipande viwili, kimoja kila upande. Kiwandani hukatwa vipengo vidogo kwenye ukingo, na kidole kikivipapasa juu upande wa kulia, fundi anajua kwamba uso wa filamu unamtazama. Ndivyo kazi inavyoanza, kwa ncha ya kidole.

Kisha anakwenda uwanjani. Anaitega kamera, anajifunika shuka jeusi, na pale kwenye kioo dunia inatokea juu chini: mti umening'inia, watu wanatembea darini. Ukiizoea hali hiyo unaanza kuipenda, kwa maana jicho huacha kutafuta majina ya vitu na kuanza kutazama uzito wake. Hapo ndipo faida ya sanduku hili inapojitokeza. Mwenye simu akitaka kuupata mti wote huinua simu, na nyumba iliyo kando yake huegemea nyuma. Mwenye kamera ya ubao huiacha kamera ikiwa imenyooka kabisa, akaupandisha ubao wa lenzi peke yake hadi kilele cha mti kiingie. Ukuta unabaki wima kama mwashi alivyouacha.

Baada ya hapo analenga kwa lenzi ya kukuzia, unywele kwa unywele. Na akishamaliza, anafunga mbele ya lenzi kichujio kinachozuia karibu mwanga wote tunaouona na kuruhusu ule tusiouona. Kukitazama, ni kioo cheusi. Kuanzia hapo ndani ya shuka hakuna kitu tena. Kila alichokipanga sasa kimo kichwani mwake.

Tatizo halijaisha. Mwanga wa infraredi haukutani mahali pale pale unapokutana mwanga wa kawaida. Hukutana nyuma kidogo. Kanuni ya zamani ni kuusogeza ubao wa lenzi mbele kwa robo ya asilimia moja ya urefu wa lenzi. Kwa lenzi ya milimita 150 hiyo haifiki hata nusu milimita. Lenzi za kamera ndogo za zamani ziliwekewa alama nyekundu ya kumsaidia mpigaji. Hizi kubwa kwa kawaida hazina. Kwa hiyo anahesabu, anasogeza kwa kugusa tu, kisha anabana tundu la lenzi hadi f/22 au f/32 ili hata kosa dogo lipate mahali pa kujisitiri. Wengine wanafanya hivyo viwili pamoja, nami nakubaliana nao.

Kipimo cha mwanga nacho hakimfai sana, maana hupima kile kinachoonekana. Mojawapo ya filamu nyeusi na nyeupe za infraredi zilizotengenezwa kwa vipande ni Rollei Infrared 400, inayofika karibu na nanomita 820. Jina linataja kasi ya 400, lakini ukishakiweka kile kioo cheusi inabidi uitendee kana kwamba ni 12 au chini ya hapo. Jua likiwa wazi na tundu liko f/32, shata inataka kama nusu sekunde. Wingu likipita, hesabu yote inavunjika. Ndiyo maana mafundi hupiga kipande cha pili kwa muda mrefu zaidi, na wakati mwingine cha tatu. Halafu kuna upepo. Nusu sekunde inatosha kuyageuza majani kuwa moshi, na wapo wanaoutaka moshi huo. Mimi nasubiri utulie.

Jambo moja zaidi ambalo wanafunzi huliruka. Kitambaa kilicho cheusi kwa jicho kinaweza kupitisha infraredi, na vifuniko vya plastiki vya makasha ya filamu ni hivyo hivyo. Fundi mwenye busara hulijaribu kila kasha kabla ya kuliamini: analipakia, anafunga kifuniko, analianika juani, kisha anaisafisha ile filamu aone kama kuna mwanga ulioiba njia. Anafanya hivyo pia kwa mvukuto. Kazi ya siku nzima, na hakuna hata picha moja ya kumwonyesha mtu. Namheshimu sana anayeifanya.

Aliyeufikisha ufundi huu katika nchi zinazozungumza Kiswahili kwa namna ambayo dunia haiwezi kuisahau ni Richard Mosse, mpiga picha kutoka Ayalandi. Kuanzia mwaka 2010 alisafiri Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, akiwa na kamera za umbo kubwa na Aerochrome, wakati Kodak imeshaamua kuachana na filamu hiyo. Aerochrome ina tabaka tatu: moja ya mwanga wa kijani, moja ya mwekundu, moja ya infraredi. Zote tatu hushikwa pia na buluu, kwa hiyo lazima kichujio cha manjano kikae mbele kuizuia. Filamu ikishasafishwa, kila kilicho kijani na hai hutoka kwa waridi au wekundu wa damu, na sare ya kijani ya askari, isiporudisha infraredi, haipati wekundu huo.

Fikiria kazi hiyo. Filamu ambayo hutakiwa kukaa kwenye friza, kwa kuwa joto huila, unaipeleka ikweta. Kamera ambayo huchukua dakika nyingi kutegwa, unaitega mbele ya vikundi vyenye bunduki, katika nchi ambako kukawia mahali pamoja si jambo la salama. Huwezi kumnyatia mtu kwa chombo hicho. Wengi wa wapiganaji wanaoonekana kwenye picha zake walikubali kusimama wakatazamwa, na kukubali huko kunasomeka usoni mwao. Vilima vya malisho vimekuwa vya waridi hadi upeo wa macho. Kitabu chake, Infra, kilitoka mwaka 2012 chini ya shirika la uchapishaji la Aperture. Mwaka 2013 aliiwakilisha Ayalandi kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice kwa The Enclave, kazi ya filamu ya milimita 16 iliyoonyeshwa kwenye skrini sita, aliyoifanya pamoja na mpiga sinema Trevor Tweeten na mtunzi wa sauti Ben Frost. Mwaka uliofuata alitunukiwa tuzo ya picha ya Deutsche Börse.

Wapo waliomlaumu kwamba ameirembesha vita. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na sikubaliani nao. Ile waridi hakuipaka yeye. Ni mwanga unaotoka kwenye majani ya Kivu kila siku, umepewa rangi ili tuuone, kwa filamu iliyobuniwa kumtafuta adui mafichoni, katika vita ambayo dunia nzima ilikuwa imezoea kutoiona. Chombo na mahali havijawahi kulingana hivyo. Ninapotofautiana naye ni kwenye majina: mengi ya zile picha yameazimwa kutoka nyimbo za Kiingereza. Vilima vile vina majina yake, na wakazi wanaoyajua wangeyataja kwa Kiswahili wakiulizwa.

Sasa turudi nyumbani, maana kwa nini mtu wa Eastlands ajisumbue na haya?

Nitakupeleka Kaloleni. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940 kwa mpango wa mji wa bustani: nyumba za mawe zisizo na ghorofa zenye vigae vyekundu, njia zinazouzunguka ukumbi wa jamii, na katikati yake uwazi wa nyasi na miti. Katika ukumbi huo, tarehe 23 Aprili 1950, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Makhan Singh alisimama akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, akakamatwa wiki chache baadaye. Wengi wanaokuja kupiga picha Kaloleni huuelekea ukumbi kwa sababu ya historia hiyo, na wana haki. Lakini weka kioo cheusi mbele ya lenzi mwezi Januari, mvua za vuli zikiwa zimekwisha, majani ni mapya na anga ni safi. Filamu itakuonyesha mtaa mwingine. Nyasi zinakuwa nyeupe. Miti inakuwa myeupe mitupu, kila tawi na uzito wake. Anga inakaribia weusi na mawingu yanasimama ndani yake. Vigae vinapauka, nyaya za umeme zinachora mistari myeusi. Kwenye kipande cha inchi 4 kwa 5 unaweza kuhesabu majani ya mti ulio ng'ambo ya uwanja. Ndipo unapotambua kwamba aliyeuchora mtaa huu aliiweka miti katika hesabu sawa na kuta.

Panda basi sasa ushuke mtaa wa Pipeline, ambako maghorofa yamebanana hadi jua lenyewe linaingia uchochoroni kwa zamu. Panda juu ya paa, pale penye kamba za nguo. Weka kamera ile ile, kichujio kile kile, saa ile ile. Picha itatoka ya kijivu: saruji, bati, matangi, saruji tena, na cheupe kimoja pengine, mpapai uliojiotea karibu na mtaro. Ziweke picha hizo mbili mezani. Hakuna haja ya kuandika chochote chini yake. Filamu ya infraredi huonyesha nani alipewa miti na nani hakupewa, na hufanya hivyo kwa ushahidi ambao mtu hawezi kuubishia, kwa kuwa saruji iliyopakwa kijani kwa kawaida haigeuki nyeupe kama jani. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kuupenda ufundi huu katika mitaa hii. Picha ya kawaida ya Eastlands imejaa watu, matatu na vibao vya biashara, na jicho huvikimbilia hivyo. Infraredi huvipunguza vyote sauti ukabaki na swali la kivuli.

Lakini sipigi sura za watu kwa filamu nyeusi na nyeupe ya infraredi. Melanini hainyonyi mwanga huo kama inavyonyonya unaoonekana. Ngozi yetu hupauka, mishipa huonekana kwa chini, macho huwa mashimo meusi. Wapo wanaovutiwa na hali hiyo. Mimi naona ni kumvua mtu weusi wake bila kumwuliza. Watu wakiwepo, wawe mbali, wadogo chini ya mti wao.

Kusafisha filamu nyumbani ni sura ya pili ya subira. Nyumba ya chumba kimoja haina chumba cha giza, kwa hiyo kazi hufanywa usiku, bafuni, mlango ukiwa umezibwa kwa blanketi kwa ajili ya mulika mwizi, ile taa ndefu ya barabarani ambayo hailali. Dawa inataka nyuzi 20 za Selsiasi, na katika miezi ya baridi, Juni na Julai, maji ya Nairobi hukaa karibu na hapo bila kubembelezwa. Taabu ni maji yenyewe. Vitabu vinasema filamu isuuzwe chini ya bomba linalotiririka. Bomba la nani, katika mitaa ambayo maji huja kwa siku zilizopangwa na yakija yanawekwa kwenye mitungi? Bahati njema kampuni ya filamu ya Ilford ilikwisha kutoa njia nyingine: jaza tangi, ligeuze mara 5, mwaga, jaza, geuza mara 10, mwaga, jaza, geuza mara 20, mwaga. Mtungi mmoja wa lita 20 unasuuza filamu nyingi. Sijui kama aliyeibuni njia hiyo aliwahi kuwaza mitaa yetu ya Jericho au Mbotela, lakini ilitengenezwa kwa ajili yetu. Kisha filamu huanikwa, na madirisha hufungwa, kwa sababu vumbi la Eastlands halina adabu mbele ya kitu kilicholowa.

Nimebakiza jambo zito zaidi, ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha kamera. Ukitega stendi ya miguu mitatu Kaloleni au Shauri Moyo, ukajifunika shuka, watu hawaoni mpiga picha. Wanaona mpimaji wa ardhi. Nyumba hizi ni za kaunti, wakazi wamekaa ndani yake vizazi vitatu, na wameshaona mtaa wa Pangani ukibomolewa ili ujengwe upya. Mama mmoja alitoka na mwiko mkononi akaniuliza, "Kijana, wametuma wewe? Tunahamishwa lini?" Hakuwa na hasira. Alitaka tarehe, apate kujipanga. Nikamwambia, "Shikamoo mama, sijatumwa na mtu. Napiga picha ya huo mti." Akautazama mti, akanitazama. "Na kwa nini mti?" Nikamfunika shuka aone mwenyewe, kabla sijaweka kioo cheusi. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka aliwaita majirani waje waone mti wao ukiwa juu chini, na asubuhi ile jua liliwahi kupanda mno hata nikakosa kipande nilichokikusudia. Sikujuta. Fundi wa kamera hii ana muda, na huo muda ni wa wenyeji kama ulivyo wake.

Kwa hiyo nawaomba vijana wenye kamera za filamu, na wale walio na pesa za kuagiza boksi la vipande kutoka Ulaya: njooni Eastlands kabla matingatinga hayajafika, kati ya saa tatu na saa tano, jua likiwa safi. Wasalimieni wazee kwanza, na mseme waziwazi mnapiga nini. Pigeni Kaloleni na Bahati, kisha pigeni Pipeline na Kayole kwa kichujio kile kile, ili hesabu ikamilike. Picha ikitoka, chapisheni nakala mbili, na moja mmpelekee mwenye mti.